Gongo au Mlima: Mwongozo kwa Kijana Anayetaka Kula kwa Miguu Yake

Kabla hujanunua gongo, na kabla hujaenda kusimama getini Machame, Kilimanjaro, kuomba mzigo wa kubeba, jiulize maswali matatu. Nani atakulipa? Atakulipa miezi mingapi kwa mwaka? Na ukifikisha miaka arobaini, magoti yakianza kulalamika, utakuwa unafanya kazi gani? Asiyejiuliza haya akiwa na miaka kumi na tisa huja kuulizwa na wanawe.

Kazi mbili ninazozizungumzia hapa ni kucheza hoki, yaani mpira wa magongo, na kuongoza wageni mlimani. Nimeziweka pamoja kwa sababu vijana wanaozitaka wanafanana: wepesi, wabishi, hawapendi kukaa ofisini, na aghalabu mwalimu wa michezo alishawaambia kuwa wana kipaji. Ila zinatofautiana sana kwa umri. Bei ya mchezaji hupanda haraka na kushuka haraka. Kiongozi wa mlima bei yake hupanda taratibu, na akiwa na miaka arobaini na tano anaweza kuwa na thamani kuliko alivyokuwa na ishirini na tano. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa kijana wa Afrika Mashariki, mlima ni ajira, na hoki ni ngazi ya kufikia ajira nyingine. Ukiipanda hoki kama ngazi itakufikisha mbali. Ukitaka kulala juu ya ngazi, utaanguka.

Hoki: cheza, lakini uwe na shule

Usidhani hoki ni mchezo wa kigeni kwetu. Kenya ilishika nafasi ya nne kwenye Kombe la kwanza la Dunia la hoki, Barcelona, mwaka 1971, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Beki wake, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Tanzania nayo ilikwenda Moscow mwaka 1980, ikapigwa na India mabao 18 kwa bila, lakini ilikwenda.

Kilichotuangusha si kukosa vipaji. Kuanzia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mchezo ulianza kuhama kutoka kwenye nyasi za kawaida kwenda kwenye nyasi bandia, na kapeti la namna hiyo ni ghali kulitandika na ghali kulitunza. Mpira unakimbia kwa kasi nyingine, unadunda kwa namna nyingine, na aliyejifunza kwenye nyasi za shule anafika kwenye kapeti akiwa kama anajifunza upya. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kijana wa hoki ni la jiografia: kapeti la karibu liko wapi, na utalifikia mara ngapi kwa wiki? Nchini Kenya jibu kwa miaka mingi limekuwa City Park, Nairobi. Ukiwa mbali na hapo, tafuta shule au chuo chenye timu kitakachokusogeza karibu.

Na njia yenyewe ni ya shule. Kule Kenya, majina kama St. Anthony's ya Kitale, Musingu na Kamusinga yanajulikana kwa hoki kama yanavyojulikana kwa mitihani. Kutoka hapo mchezaji mzuri hudakwa na timu ya chuo kikuu au timu ya mwajiri. Zingatia hilo la mwajiri. Timu kama ya Polisi inakupa mshahara kwa kuwa wewe ni askari, na hoki inakuja juu yake. Huo ndio mpango bora kabisa uliopo katika mchezo huu kwetu, kwa sababu siku goti likikataa, kazi bado ipo. Gongo likikupa karo ya chuo au barua ya ajira, limeshakulipa, hata kama hujawahi kushika hundi ya mechi.

Ukitaka kuonekana haraka, usishindane na watu hamsini wanaocheza kiungo. Jifunze kitu adimu. Kona ya adhabu ndiyo silaha kubwa ya hoki ya leo, na timu hutafuta kwa tochi mtu anayejua kuuvuta mpira kwa gongo na kuurusha golini kwa nguvu bila kuupiga. Ujuzi huo hautaki kipaji cha ajabu; unataka mipira mingi kila siku, mgongo imara na nyonga inayozunguka. Kipa mzuri naye ni adimu, ila vifaa vyake ni ghali, hivyo tafuta timu yenye vifaa kwanza.

Habari za kwenda nje. Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zina ligi zenye hadhi, na ligi ya India ilifufuliwa msimu wa 2024–25 kwa mtindo wa mnada wa wachezaji. Lakini hata Ulaya wachezaji wengi wa hoki wanasoma au wana kazi nyingine mchana. Klabu ndogo ikikuita, mara nyingi inakupa chumba, chakula, posho na timu ya watoto ya kufundisha. Si vibaya, mradi ujue unachokwenda kufanya. Wakala akikuomba pesa kwanza ili "akushughulikie viza", mwache hapo hapo. Klabu inayokutaka kweli inaandika barua yenye anwani, jina la mtu na namba ya simu ambayo shirikisho la hoki la nchi yako linaweza kuipiga.

Jikinge mdomo na ugoko kila siku, hata mazoezini. Kiuno ndicho kinachoumia polepole, kwa sababu hoki huchezwa umeinama. Na kabla hujasaini popote, uliza nani analipa hospitali ukivunjika kidole. Ukiona watu wanatazamana, umeshapata jibu.

Hoki ya barafuni nayo tuiseme kidogo. Nairobi ipo barafu, ndani ya hoteli ya Panari, na timu ya Ice Lions imefika mbali kuliko mtu yeyote alivyotarajia: mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Nenda ukacheze, ni raha. Ajira hakuna. Ila kama wewe ni mzazi unayesoma haya ukiwa Toronto au Edmonton, na mtoto anakuja na viatu vya kuteleza anasema anataka NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, hesabu ni hii. Ligi hiyo ina timu 32 na kila mwaka huchagua vijana katika raundi saba, kuanzia umri wa miaka 18. Hiyo ni nafasi 224 kwa dunia nzima, na wengi wa waliochaguliwa hawaji kudumu kwenye ligi. Mshahara wa chini msimu wa 2025–26 ni dola 775,000, na kabla haujafika mfukoni kuna kodi, wakala na fedha zinazozuiwa na ligi. Habari njema ni moja: tangu msimu huo huo, vijana waliopita ligi kubwa za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuo vikuu vya Marekani, jambo lililokuwa limezuiwa. Kwa hiyo mlango wa shule haufungwi tena mapema. Uushike huo.

Mlima: anza chini ya mzigo

Sasa tuje kwenye kazi ambayo watu wetu wanaifanya kwa maelfu, na ambayo wachache wameieleza vizuri kwa anayeianza.

Kilimanjaro mtu haanzi kwa kuongoza. Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, kijana wa Marangu aitwaye Yohani Kinyala Lauwo anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Tangu siku hizo ngazi ya kazi haijabadilika sana. Unaanza kama mpagazi, au mgumu, kama wanavyojiita wenyewe. Baadaye unaweza kuwa weita, unayepeleka chai na maji ya kunawa kwa wageni. Kisha unakuwa msaidizi wa kiongozi, na mwisho kiongozi mkuu mwenye leseni ya hifadhi. Wapishi wana njia yao pembeni, na mpishi mzuri analindwa na kampuni kuliko kiongozi wa wastani, kwa sababu mgeni asiyekula hafiki kileleni.

Getini asubuhi utaona mizani. Mpagazi anaruhusiwa kubeba kilo 20 za mzigo wa safari, ukiacha vitu vyake mwenyewe. Foleni inasogea, begi linaning'inizwa, askari wa hifadhi anasoma namba, kilichozidi kinatolewa. Wewe mgeni wa kazi angalia kinachotokea baada ya kona ya kwanza. Kampuni mbovu huupunguza mzigo mbele ya mizani, halafu msituni, mbali na macho ya askari, kilo tano zinarudi mgongoni kwa mtu. Ukiona hivyo, maliza safari, chukua chako, usirudi kwao.

Kuchagua kampuni ndiko kutakakoamua maisha yako mlimani, kuliko nguvu za miguu. Tangu 2003 kuna mradi wa kutetea wapagazi unaojulikana kwa kifupi KPAP, wenye ofisi Moshi. Unafuatilia kampuni zilizojiunga nao: mzigo usizidi, milo mitatu kwa siku, hema la kulala lisilovuja, na malipo yanayofika. Kwa miaka mingi ulishauri mpagazi alipwe angalau shilingi 20,000 kwa siku. Huwaazima wapagazi wasio na nguo za baridi, na hutoa masomo. Nenda ukaulize orodha ya kampuni wanazoshirikiana nazo, kisha ukaombe kazi huko kwanza. Utaambiwa nafasi hakuna. Rudi tena. Mlimani kazi hupatikana kwa kuonekana, na jina lako linatoka kinywani mwa kiongozi aliyekuona ukibeba bila kulalamika.

Nguo usizifanyie mzaha. Usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, baridi inashuka chini kabisa ya sifuri na upepo unaizidisha, na hata mgumu anayebaki kambini analala juu ya mita 4,600. Wapagazi wamekufa kwa baridi mlimani, na kilichowaua hakikuwa siri: viatu vya turubai, koti moja, mvua. Soko la Memorial pale Moshi lina mitumba mizuri ya makoti na viatu vya mlima kwa bei isiyoumiza. Nunua viatu kabla ya simu.

Soma ukiwa umebeba

Wengi hubeba miaka kumi wakabaki wapagazi, na wengine hubeba mitatu wakapanda cheo. Tofauti ni wanachofanya kambini baada ya kutua mzigo.

Jua njia zote, si ile moja ya kampuni yenu. Marangu ina vibanda, Mandara, Horombo na Kibo, na huuzwa kwa siku tano au sita. Machame ni ya mahema, siku sita au saba. Lemosho saba au nane. Rongai inapanda kutoka upande wa mpaka wa Kenya, Umbwe ni fupi na kali. Ukizijua, utajua pia kwa nini njia moja inafikisha watu na nyingine inawarudisha. Siku ya Lava Tower, wanaopita Machame au Lemosho hupanda hadi karibu mita 4,600, wakala chakula cha mchana vichwa vikigonga, kisha wakashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa juu na kulazwa chini. Safari ya siku tano ya Marangu haina nafasi ya jambo hilo, na mgeni akikuuliza, mwambie ukweli kwamba siku moja ya ziada ni bora kuliko kiatu cha bei mbaya.

Jua majina ya vitu. Mgeni atakuuliza mti ule unaofanana na kabichi juu ya shina, ua lile jekundu na njano la msituni lisilopatikana mlima mwingine wowote, na barafu imekwenda wapi. Usibahatishe. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imetoweka. Hiyo ni habari unayoweza kuisimamia. Jua pia kwamba usiku wa Desemba 9, 1961, Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale kileleni. Kilele chenyewe kikaitwa Uhuru. Mita 5,895.

Kiingereza ni lazima, na si kile cha kuandika insha. Unahitaji Kiingereza cha kumuuliza mtu mzima, tena mwanamke wa umri wa mama yako, kama amekojoa leo na mkojo ulikuwa wa rangi gani, bila yeye wala wewe kuona haya. Ukiongeza Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, bei yako inabadilika, maana viongozi wanaozijua lugha hizo ni wachache na kampuni huwapigia simu kabla ya wengine.

Kwa masomo rasmi, Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa 1963 kwenye mteremko wa mlima wenyewe, kinafundisha mambo ya wanyamapori na kuongoza watalii, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Arusha na Dar es Salaam. Leseni ya kuongoza Kilimanjaro inasimamiwa na hifadhi, KINAPA, na makao yake makuu yako geti la Marangu. Masharti na ada hubadilika, hivyo nenda getini ukasome kilichobandikwa, usitegemee ya kijiweni. Halafu tafuta kozi ya huduma ya kwanza ya porini, ile inayojulikana kwa kifupi WFR. Ukitaka ushauri mmoja tu kutoka kwenye mwongozo huu wote, ni huo. Cheti hicho ndicho kinachomtenganisha kiongozi na mtu anayejua njia.

Jioni, hema la kulia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kutembea mbele ya watu ukisema pole pole, mtu yeyote anaweza.

Saa kumi na mbili jioni wageni wamekaa mezani, supu inakuja. Unatoa oksimita, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, na daftari. Kabla hujambana mtu kidole, mwambie ashike kikombe cha chai kwa dakika kadhaa, kwa sababu kidole cha baridi kinadanganya mashine, na rangi ya kucha vilevile. Andika namba, lakini usiiabudu. Yupo atakayesoma chini na yuko mzima anacheka, na yupo mwenye namba nzuri ambaye usiku huo ataumwa. Kwa hiyo uliza: kichwa? Hamu ya kula? Umelala? Unakohoa? Umetapika? Kisha nyamaza, tazama sahani. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola atakudanganya kuhusu kichwa chake, kwa hofu ya kurudishwa, lakini hawezi kudanganya kuhusu supu isiyopungua. Mtazame pia yule aliyekuwa mtani siku mbili zilizopita na leo amenyamaza.

Ukimtilia shaka mtu, mtoe nje, mchoree mstari mchangani kwa fimbo, umwambie atembee kisigino kwa vidole kama mtoto anayecheza. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Hapo hakuna kungoja asubuhi, hakuna kumwita mkubwa Moshi kwa simu kuomba ruhusa. Mnashuka, usiku huo huo, na taa za kichwani. Vivyo hivyo kwa mtu anayehema akiwa amekaa, kifua kinakoroma, kikohozi kinatoa povu: hayo ni mapafu. Dawa zipo. Diamox humsaidia mtu kuzoea, deksamethasoni na nifedipini zina kazi yake kwa aliyefundishwa kuzitoa, chupa ya oksijeni inanunua muda. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kushuka. Pale kileleni hewa ina oksijeni karibu nusu ya ile ya Tanga, na kila mita mia unayomteremsha mgonjwa inamrudishia kitu.

Helikopta ipo, na imeokoa wengi, lakini haipai kwenye ukungu wala gizani. Kwa hiyo jua machela ya gurudumu moja iko kambi gani, na fanya mazoezi ya kuisukuma wakati hakuna mgonjwa. Na jihadhari na biashara ya helikopta. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ililazimika kuchunguza mtandao wa kampuni na waongozaji waliokuwa wakiwaitia wageni helikopta bila sababu ili wagawane fedha za bima. Kamisheni ya namna hiyo ikija mezani kwako, kumbuka kwamba inapunguza bei ya leseni yako, ya wenzako wote, na ya mlima.

Kugeuza mtu ndilo jambo gumu kuliko yote, na ndilo linalolipwa. Fikiria Stella Point alfajiri. Mmetembea tangu usiku wa manane, mgeni anauona ukingo wa kreta, jua linatoka, na Uhuru iko mbele kwa dakika arobaini na tano, labda saa nzima. Analia, anasema anaweza. Wewe unaona anashindwa kufunga zipu ya koti lake mwenyewe. Atakuchukia mpaka Barafu. Pengine atakunyima tipu. Mteremshe. Kampuni ikikulaumu kwa kumteremsha mgonjwa, kampuni hiyo si ya kukaa nayo, kwa sababu siku atakapokufa mtu watasema uamuzi ulikuwa wako.

Fedha, na miezi ya njaa

Malipo ya mlima ni ya siku, na juu yake kuna tipu. Kwa wapagazi wengi tipu ndiyo sehemu kubwa ya kinachobaki, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukishakuwa kiongozi mkuu, fanya jambo hili moja nalo litakujengea jina Moshi nzima: mwambie mgeni atangaze mbele ya timu nzima kila mmoja anapata kiasi gani, mpagazi, weita, mpishi, msaidizi, wewe. Kikundi kinachojua hesabu hakinung'uniki, na safari ijayo watakubebea kwa moyo.

Kazi inajaa Januari na Februari, halafu Juni hadi Oktoba, na wiki za mwisho wa mwaka. Masika, Aprili na Mei, mlima unakuwa mtupu. Novemba mvua za vuli hupunguza wageni tena. Panga matumizi yako kana kwamba mwaka una miezi saba tu ya kipato. Jiunge na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hata kama unachangia kidogo, kata bima ya afya, na uliza kampuni kama inachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, maana sheria inawataka. Wengi hawaulizi mpaka jiwe limdondokee mtu pale Western Breach au aanguke kwenye ukuta wa Barranco.

Dada zangu, mlango ni wazi zaidi kuliko zamani, na wapo wanawake viongozi wenye leseni wanaoheshimika. Lakini uliza mapema: hema la wanawake lipo? Choo? Nani wa kumwambia mkikosewa heshima kambini? Kampuni inayobabaika kujibu haijajiandaa kuwa na wewe.

Ukishaimudu Kilimanjaro, ujue kwamba ni mlima wa kutembea. Hilo si dharau, ni ukweli utakaokukwamisha ukitaka kwenda mbali. Mlima Kenya, ukiacha Lenana yenye mita 4,985, unataka kamba: Batian, mita 5,199, ni mwamba mtupu, na viongozi wa Naro Moru wanaoujua ni wachache na bei zao ni nyingine. Margherita kule Rwenzori, mita 5,109, bado ina barafu ya kukanyaga kwa meno ya chuma, na wenyeji Wakonzo ndio wenye mlima. Jifunze kamba kutoka kwao. Wilfred Moshi alitoka kwenye kazi hii hii ya Kilimanjaro, akawa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest mwaka 2012. Mkenya James Kagambi, aliyefundisha watu milima kwa miongo, alifika huko Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Nitajie mchezaji wa hoki aliye uwanjani na umri huo.

Basi kama umekuwa ukicheza hoki shuleni, endelea, maliza shule, chukua kila kitu gongo linachoweza kukupa ukiwa kijana. Na kama uko karibu na mlima na miguu inakuwasha, usisubiri Juni. Masika inapoanza na wenzako wamekaa kijiweni wakilalamika hakuna tripu, hiyo ndiyo miezi ya kozi ya huduma ya kwanza, Kiingereza na makaratasi ya leseni. Wageni wakirudi, kampuni haitakuwa na muda wa kukufundisha.